Johannes Rebmann, Aliyebaki Rabai

Historia ya kwaya yetu, majina ya walimu wa kwaya tangu mwanzo na nyimbo tulizorekodi mtavikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Ukurasa huu kamati ya jubilii iliupa kazi tofauti. Tuliombwa tuandike maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu wa zamani ambaye wanakwaya na waumini wanaweza kujifunza kwake. Majina mengi yalitajwa kikaoni, na Ludwig Krapf ndiye aliyependwa na wengi, kwa kuwa kila aliyesoma shule hapa Kenya alikutana naye katika somo la historia. Sisi tukamchagua mwenzake, yule ambaye katika vitabu vya shule huja nyuma ya Krapf, anatajwa mara moja kwa habari ya Mlima Kilimanjaro, kisha anasahauliwa. Krapf alikaa pwani yetu miaka tisa. Rebmann alikaa ishirini na tisa.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, mji mdogo karibu na Stuttgart, Ujerumani. Kwao walikuwa wakulima, watu wa mashamba na mizabibu. Waumini wa sehemu ile walikuwa na desturi ya kukutana majumbani jioni kusoma Biblia, kuomba na kuimba, jambo ambalo sisi wa ushirika wa nyumba kwa nyumba hatuhitaji kuelezwa. Katika malezi hayo kijana Johannes aliamua kuwa mmishonari. Akasoma katika chuo cha wamishonari cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa London katika chuo cha CMS, chama cha wamishonari cha Kanisa la Uingereza. Wakati ule CMS ilikuwa na upungufu wa Waingereza walio tayari kwenda mbali, ikawa inawachukua Wajerumani wengi. Rebmann alipata daraja ya ukasisi mwaka 1845, na mwezi wa Juni 1846 akashuka Mombasa akiwa na umri wa miaka 26.

Aliyempokea ni Krapf, na ni lazima tuseme jambo moja juu ya hali ya Krapf siku hizo. Alikuwa amefika Mombasa miaka miwili kabla yake pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi wa Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikamchukua mama, na baada ya siku chache ikamchukua mtoto. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Kwa hiyo mgeni wa Gerlingen alipokaribishwa, alikaribishwa na mjane mwenye kaburi hapo hapo ng'ambo ya maji. Hakuna aliyemficha jinsi kazi hii ilivyo.

Hawakutaka kukaa Mombasa mjini. Walitaka kuishi miongoni mwa Wamijikenda, ambao watu wa pwani waliwaita Wanyika wakati ule, na macho yao yalikuwa juu ya vilima vya Rabai, mwendo wa saa chache kutoka kwenye maji. Wazee wa Rabai walikubali kuwapa mahali pa kujenga. Tarehe waliyohamia imehifadhiwa: 25 Agosti 1846. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa siku hiyo. Punda alikuwa mmoja, na njia ya kupanda kilima ni kali. Ndivyo Kanisa lilivyoingia bara ya Kenya: watu wawili wanaotetemeka, wakisaidiwa na mnyama mmoja. Waliofika Rabai wanajua kilima tunachokisema, na wanajua kwamba hata gari hubadilisha sauti pale.

Wazee waliwakubali, lakini kukubali kuishi na mgeni si sawa na kukubali imani yake. Watu wa Rabai walikuwa na kaya yao, wazee wao, maombi yao ya mvua na taratibu zao za mazishi. Wale wageni walihubiri katika lugha waliyokuwa bado wanaitafuta mdomoni. Miaka ya kwanza hakuna aliyeongoka. Mtu wa kwanza kuwasikiliza kwa moyo alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, maskini, ambaye hakuhesabiwa sana na wengine. Alibatizwa akiwa karibu kufa. Baada ya kazi yote hiyo, mkristo wa kwanza wa Rabai aliwatoka karibu mara tu walipompata.

Sasa tuje kwenye safari, kwa sababu ndizo zilizompatia Rebmann jina, na ndizo pia zilizombadilisha.

Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Aliona mnyororo wa vituo vya injili ukianzia Mombasa na kuvuka Afrika mpaka bahari ya magharibi. Rebmann alikuwa kijana, mwenye miguu mizuri, basi kazi ya kutafuta njia ikamwangukia. Oktoba 1847 alikwenda Taita, kwenye mlima wa Kadiaro, ambao leo tunauita Kasigau. Aprili 1848 akaondoka tena kuelekea Uchaga. Alikuwa na wapagazi wachache na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri, mtu mzoefu wa njia hiyo. Wenye misafara walishangaa kwamba Rebmann hakubeba silaha. Alibeba mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, wakiwa wanaikaribia nchi ya Wachaga, aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na neno la theluji, akamjibu kwa neno alilokuwa nalo, kwamba ni baridi. Rebmann alikulia kwenye theluji, akaelewa mara moja. Tusiseme aligundua Kilimanjaro. Wachaga walikuwa wakilima kwenye miteremko yake vizazi vingi kabla babu yake Rebmann hajazaliwa, na watu wa misafara kutoka pwani waliupita kila mwaka. Alichofanya ni kuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kuuona na kuandika habari zake.

Habari hizo zilichapishwa katika jarida la CMS mwaka 1849, na huko London zikapokelewa kwa kicheko. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hii, aliandika kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmishonari huyu aliona vibaya. Mwaka huo huo, Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani, naye akaandika kuwa una theluji, naye asiaminiwe. Zilipita zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1861 na 1862 Mjerumani mwingine, Baron von der Decken, alikwenda Kilimanjaro na vipimo vyake, akapanda sehemu ya mlima, akarudi na ushahidi kwamba theluji ipo. Wakati huo Rebmann alikuwa Rabai akiandika maneno kwenye daftari. Hatuoni mahali ambapo aliacha kazi yake ili kwenda kudai heshima yake. Katika kwaya tunajua uchungu wa mtu kusema kweli na kuambiwa amekosea sauti. Wengi wetu hatungevumilia wiki mbili, sembuse miaka kumi na miwili.

Safari ya pili kwenda Uchaga ilimfikisha Machame kwa mfalme Mamkinga, ambaye alimkirimu. Ukarimu huo ulimpa moyo wa kupanga safari kubwa, ya kupita Uchaga na kwenda mpaka Unyamwezi. Aprili 1849 akaondoka na wapagazi wapatao thelathini, vitambaa na shanga za kulipia njia. Mvua iliwanyeshea mfululizo, akaugua. Alipofika Machame, Mamkinga yule yule aliyemkaribisha alimnyang'anya mali yake kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, mpaka hakikubaki cha kumfikisha mbele. Akarudi mikono mitupu, mgonjwa, na ndoto ya Unyamwezi ikaishia hapo.

Hiyo ndiyo hatua ya maisha yake ambayo sisi tumeitafakari kuliko ile ya theluji. Kabla ya Machame, Rebmann ni mtu wa njia. Baada ya Machame, hatua kwa hatua, anakuwa mtu wa kukaa. Alianza kuona kwamba injili haitapenya bara kwa kukimbia na mizigo ya vitambaa, na kwamba kuna kazi ya polepole ya lugha, ya kufundisha mtu mmoja, ya kuishi na watu mpaka wakuzoee. Krapf hakulikubali sana jambo hilo. Wawili hao walipendana, lakini juu ya namna ya kufanya kazi hawakuwa na shauri moja, na tunapenda kulitaja hili kwa sababu watu hudhani watakatifu wa zamani hawakuwa na vikao vigumu.

Mwaka 1851 Rebmann alikwenda Misri na huko akafunga ndoa na Emma, mwanamke Mwingereza. Akaja naye Rabai. Walijaliwa mtoto wa kiume, naye akafa angali mchanga. Emma alikaa Rabai miaka ipatayo kumi na mitano, katika nyumba ya chumba na ukumbi, mbali na kwao. Vitabu vinamtaja kwa mistari michache tu, na sisi tunaona hilo si haki, lakini hatuna zaidi ya kumpa.

Wenzake wakaanza kuondoka. Krapf, afya ikiwa imevunjika, aliondoka mwaka 1853. Jakob Erhardt, mmishonari mwingine aliyekuwa amejiunga nao, naye akaondoka mwaka 1855. Kabla ya kuondoka, Erhardt na Rebmann walikuwa wamekusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara juu ya maji makubwa ya bara, wakachora ramani. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa sana lenye umbo kama konokono asiye na gamba, kwa sababu walifikiri Nyasa, Tanganyika na Ukerewe ni ziwa moja. Walikosea idadi, lakini ramani ile ilizua mjadala London na ikachangia kuwaleta wapelelezi Burton na Speke. Januari 1857 Burton na Speke walifika Rabai, na Rebmann akaombwa afuatane nao. Alijua lugha na njia kuliko Mzungu yeyote aliyekuwepo. Angekubali, jina lake lingekuwa katika vitabu vyote vya maziwa makuu. Alikataa. Msafara wa kutafuta chanzo cha Nile haukuwa kazi aliyotumwa.

Mwaka huo huo uvamizi wa Wamaasai ulifika mpaka vilima vya Rabai. Wamijikenda wengi waliuawa na kituo kikaachwa. Rebmann na Emma walikimbilia Unguja, wakakaa huko karibu miaka miwili. Kila aliyejenga kitu kwa miaka kumi kisha akakiacha kwa siku moja anajua swali linalokuja baada ya hapo. Wao walirudi Rabai na kuanza tena.

Hapa tunapenda kukaa kidogo juu ya kazi yake ya maneno, maana ni kazi isiyo na jukwaa. Mombasa kulikuwa na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyeletwa pwani kutoka nchi ya ziwa Nyasa. Rebmann alikutana naye, akapata ruhusa ya kufanya kazi pamoja naye, na kuanzia mwaka 1853 wakawa wanaketi pamoja. Salimini anataja neno la kwao, anaeleza linavyotumika, Rebmann anaandika, anauliza tena, anasahihisha. Huyu mmoja alikuwa ametolewa kwao kwa nguvu, huyu mwingine ametoka kwao kwa hiari, na wote wawili walikuwa wageni pwani. Lugha aliyoiandika kwa kinywa cha Salimini ilikuwa ya nchi ambayo Rebmann hakuwahi kuiona na hakutazamia kuiona. Alikuwa akiwaandalia wengine wa baadaye. Zaidi ya hiyo alikuwa na kamusi ya lugha ya Wamijikenda, aliyoanza pamoja na Krapf, na Kiswahili chenyewe, pamoja na tafsiri ya Injili ya Luka.

Mwenye kufundisha kwaya ataelewa. Kuna siku nzima ya mazoezi inayopotea juu ya neno moja tu, kwa sababu sauti ya tatu wanalikata na sauti ya kwanza wanalivuta. Siku ya ibada hakuna anayelisikia neno lile, na hiyo ndiyo dalili kwamba limekaa sawa. Rebmann alifanya mazoezi ya namna hiyo miaka ishirini, na siku ya ibada hakuwepo.

Kiswahili kilikuwa kikiandikwa pwani kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya wamishonari, na tenzi zake ni hazina. Hawa wawili wa Rabai hawakukipa Kiswahili uhai. Walichofanya ni kukiandika kwa herufi za Kirumi na kukitumia kwa Injili, na daftari zetu za nyimbo zimetokana na njia hiyo. Tunaposhika Tenzi za Rohoni au Nyimbo Standard Jumapili, kuna jasho la Rabai ndani ya kurasa zile.

Baada ya kurudi kutoka Unguja mambo yalianza kufunguka, ingawa taratibu mno. Mzee mmoja wa Rabai, Abe Gonja, alibatizwa pamoja na wanawe. Mmoja wa wana hao alikuwa Nyondo, aliyeitwa Isaac katika ubatizo, na tutamrudia. Kutoka kwa watu wachache waliofundishwa na Rebmann mafundisho yalipenya mpaka Ugiriama, yakipelekwa na Abe Ngoa, bila mmishonari yeyote kuwa kiongozi wao. Mwaka 1862 Krapf alirudi kwa muda mfupi kuwaleta Wamethodisti, na Thomas Wakefield akaanza kazi Ribe, jirani na Rabai. Mwaka 1864 wakaja Waafrika waliolelewa India, karibu na Bombay, watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa wakiwa watoto: George David, William Jones, Ishmael Semler. Historia ya Kanisa la pwani inawadai hawa ukurasa wao wenyewe, na huenda jubilii ijayo tukaandika.

Mwaka 1866 Emma alifariki. Rebmann alikuwa na miaka 46, amekaa Afrika ishirini, hajawahi kurudi Ujerumani hata likizo moja. Wakubwa wa CMS walimtaka apumzike. Hakwenda. Waliomjua wakati huo walimwona mgumu, na sisi hatutamtetea kwa kila jambo. Mtu anaweza kushikilia kituo mpaka asiwape wengine nafasi, na kituo cha Rabai kilipungua nguvu miaka hiyo. Huko Uingereza baadhi waliihesabu kazi ya Mombasa kuwa imekufa. Waongofu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kama tungepewa taarifa ya mwaka ya Rebmann tuisome katika mkutano mkuu wa kwaya, pengine tungependekeza abadilishwe.

Kisha macho yakaanza kumtoka. Ndiyo macho yale yaliyoona theluji, na ndiyo aliyoyatumia kuandika kamusi kwenye mwanga wa taa ya mafuta. Mwaka 1873 Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kushughulikia biashara ya watumwa, alifika pwani na kumkuta bado yuko kituoni kwake. Mwishoni mwa 1874 William Salter Price alikuja Mombasa kuanzisha makao ya watumwa walioachwa huru, ambayo ndiyo Freretown ya leo. Alimkuta Rebmann kipofu au karibu kipofu, amezungukwa na karatasi zake. Alikuwa bado anafanya kazi, akisaidiwa na wale vijana aliowafundisha kusoma. Wao ndio sasa waliokuwa macho yake.

Waliokuja na Price walikuwa na nguvu, fedha na mipango, na kati ya miaka michache Rabai na Freretown zilijaa watu. Ibada zikawa na mamia. Hao wote walikuta lugha imekwisha kuandikwa, wazee wa Rabai wamekwisha kuwazoea wageni wa injili, na kikundi cha Wakristo wenyeji wanaojua kusoma. Alichokuwa amekosa Rebmann kwa miaka ishirini na tisa wao walikipata kwa muda mfupi, na hatuna habari kwamba alilalamika.

Mwaka 1875 alikubali kuondoka. Hakuweza kusafiri peke yake, basi Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gonja, alifunga safari naye. Fikirini picha hiyo: mwaka 1846 kijana wa Kijerumani alipanda Rabai akiwategemea wenyeji wamwonyeshe njia. Mwaka 1875 mzee huyo huyo anashuka, naye bado ameshikwa mkono na mwenyeji wa Rabai. Nyondo alimfikisha Uingereza, kisha Ujerumani, katika nchi ya baridi ambayo mwenzake hakuweza tena kuiona.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, karibu na alikozaliwa, na jirani yake hapo alikuwa Krapf. Wazee wawili waliokuwa wamegawana punda mmoja wakakutana tena. Alioa mara ya pili, mjane wa mmishonari aliyeitwa Louise Däuble, naye akamtunza katika miezi yake ya mwisho. Mapafu yalimzidi, akafariki tarehe 4 Oktoba 1876 akiwa na umri wa miaka 56.

Injili ya Luka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake, ilitoka mtamboni mwaka huo huo wa 1876. Kamusi ya lugha ya Nyasa, ile ya kinywa cha Salimini, ilichapishwa mwaka 1877, na aliyeihariri na kuipeleka mtamboni ni Krapf, yule ambaye hawakukubaliana daima. Kamusi ya Wamijikenda ilitoka 1887, wakati Krapf naye alikuwa ameshalala. Huko Rabai nyumba ya Rebmann ipo mpaka sasa, karibu na ile ya Krapf na kanisa la Mtakatifu Paulo, na wanakwaya wanaoweza kusafiri wanaweza kwenda kuiona.

Nyondo hakubaki Ulaya. Alirudi Rabai, akaendelea na kazi ya Kanisa pale alipobatizwa.